Jinsi ya Kuonja Baliwaini, Bia Kali Isiyotaka Haraka

Baliwaini (barley wine) ni bia ya jamii ya eli, yaani bia zinazochachushwa kwa hamira inayopenda joto kiasi, lakini ukiinywa kama bia ya kukata kiu utaipoteza yote. Nguvu yake kwa kawaida ni kati ya asilimia 8 na 12 za alkoholi, inakaribiana na divai, ilhali bia nyingi za kila siku huishia kwenye asilimia 4 au 5. Mtu akiitoa kwenye friji, akaijaza mpaka ukingoni mwa glasi kubwa na kuimaliza kwa dakika kumi, atakumbuka mambo mawili tu: ilikuwa tamu, na ilimchoma koo. Mwingine aliyekaa na nusu ya kiasi hicho kwa saa nzima atakusimulia habari za tende, karameli, ganda la chungwa, lozi, ngozi na tumbaku. Wote wawili wamekunywa bia ileile. Kilichowatenganisha ni joto la bia na muda walioipa, na karibu kila hatua iliyo hapa chini inarudi kwenye mambo hayo mawili.

Ijue kwanza ilivyopikwa

Huhitaji kuwa mpishi wa bia ili uonje vizuri, lakini ukijua ladha imetoka wapi ni rahisi zaidi kuitambua inapopita ulimini.

Kimea cha shayiri, yaani shayiri iliyooteshwa kidogo kisha ikakaushwa, kinapolowekwa kwenye maji ya moto, wanga wake hugeuka sukari. Maji yanayochujwa mwanzo kabisa ndiyo mazito na matamu kuliko yote. Wapishi wa zamani wa Uingereza waliyatenga hayo kwa ajili ya bia kali, kisha wakamwagia maji mengine juu ya kimea kilekile ili wapate bia nyepesi, na wapo wanaofanya hivyo hadi leo. Uzito wa maji ya kimea ya baliwaini kabla ya kutiwa hamira huwa kati ya 1.080 na 1.120 kwenye kipimo ambacho maji matupu ni 1.000. Bia ya kawaida huanzia karibu na 1.045 au 1.050.

Kisha maji hayo huchemshwa, mara nyingi kwa saa kadhaa. Ndani ya joto hilo sukari na vijenzi vya protini hushikamana na kuzaa rangi ya shaba, harufu ya mkate uliobanikwa na ladha ya karameli. Kwa hiyo karameli unayoionja si lazima iwe imetiwa na mtu. Mara nyingi imezaliwa sufuriani. Hamira ikiingia hula sukari na kutoa alkoholi, hadi alkoholi hiyohiyo inapoanza kuichosha. Sukari inayobaki bila kuliwa ndiyo inayoipa bia hii utamu na ule unene wa mdomoni. Hopsi, yaani yale maua ya mmea mtambaazi yanayotia bia uchungu, hutiwa kwa wingi ili utamu usikinaishe.

Mitindo mikuu ni miwili. Ule wa Uingereza hukitanguliza kimea: matunda makavu, tofi, karanga, na uchungu unaokaa nyuma. Uchungu wake huwa takriban 35 hadi 70 kwenye IBU, kipimo cha kimataifa cha uchungu wa bia. Jina la kwanza ambalo wapenzi wa historia hulitaja ni Bass No. 1, bia ya mji wa Burton upon Trent. Kati ya zinazojulikana sana baada yake ni Harvest Ale ya J.W. Lees wa Manchester, iliyopikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1986, yenye asilimia 11.5. Mtindo wa Marekani ulianza mwaka 1975, kiwanda cha Anchor cha San Francisco kilipopika Old Foghorn. Mwaka 1983 kiwanda cha Sierra Nevada kikaja na bia yake ya Bigfoot, na hapo hopsi zikapanda kiti cha mbele: balungi, utomvu wa msonobari, uchungu wa IBU 50 hadi 100. Ukiwa na chupa mkononi, jua kwanza ni ya upande gani. Kuilaumu Bigfoot changa kwa uchungu wake, au kuilaumu Harvest Ale kwa utamu wake, ni kuilaumu kwa kuwa ilivyokusudiwa kuwa.

Hatua ya kwanza: andaa siku, mdomo na kiasi

Chagua wakati ambao huna safari, huna gari la kuendesha, na hujala chakula chenye pilipili au vitunguu vingi. Kahawa, sigara, dawa ya meno na manukato makali huziba pua kwa muda mrefu kuliko watu wanavyodhani. Usionje ukiwa na njaa kali pia, kwa sababu alkoholi itafika kichwani kabla ladha hazijajipanga. Weka mezani maji ya kawaida yasiyo baridi sana na mkate mkavu usio na ladha nyingi. Ukiwa na bia nyingine za kuonja siku hiyo, baliwaini iwe ya mwisho. Ikitangulia, zote zitakazofuata zitaonekana kama maji.

Kiasi kinachotosha mtu mmoja ni mililita 100 hadi 150. Fanya hesabu hii mara moja, ukae nayo: mililita 150 za baliwaini ya asilimia 10 zina mililita 15 za alkoholi halisi, sawa na chupa nzima ya mililita 330 ya bia ya asilimia 4.5. Chupa ndogo moja ya baliwaini, basi, ni zaidi ya chupa mbili za bia ya kawaida. Ndiyo maana naamini kwamba chupa moja kwa watu wawili au watatu ndiyo njia bora ya kuionja: kila mmoja anapata ya kutosha, na pua tatu hunusa zaidi ya moja. Mjamzito, mtu anayetumia dawa zisizopatana na pombe, na yeyote ambaye hajafikia umri unaoruhusiwa kisheria, hii si yake.

Hatua ya pili: joto, na hapa usifanye mzaha

Kama kuna ushauri mmoja tu utakaouchukua, uwe huu: usiionje baliwaini ikiwa na baridi ya friji. Chembe zinazobeba harufu zinahitaji joto ili ziruke kutoka kwenye bia hadi puani. Katika nyuzijoto 4 nyingi zimelala. Wakati huohuo baridi hupunguza uwezo wa ulimi kuhisi utamu, kwa hiyo unachobaki nacho ni uchungu na mchomo wa alkoholi. Watu wengi wanaosema hawaipendi bia hii wameonja baridi yake tu.

Lenga nyuzijoto 12 hadi 14 kwa ya Kiingereza, na 10 hadi 13 kwa ya Kimarekani yenye hopsi nyingi. Ukiitoa kwenye friji, iache mezani nusu saa au dakika 45, kutegemea chumba kilivyo. Kama chupa ilikuwa kabatini kwenye chumba chenye joto, fanya kinyume: itie kwenye friji kwa muda kama huo, kisha uifungue. Huna kipimajoto? Shika chupa kwa kiganja. Ikikupa ubaridi wa kupendeza lakini mkono hautaki kuikimbia, uko karibu. Mimi huanzia upande wa baridi kidogo kwa makusudi, kwa kuwa bia itapanda yenyewe ndani ya glasi, na huko kupanda ndiko kunakofaa kufuatiliwa.

Hatua ya tatu: glasi na kumimina

Tumia glasi yenye tumbo pana na mdomo uliobanwa, ya konyaki au ya divai. Tumbo huipa bia nafasi ya kutoa harufu, na mdomo mwembamba huikusanya harufu hiyo mahali pamoja. Glasi yenye mguu inakupa uhuru: ukitaka kuipasha bia moto, unakumbatia tumbo kwa kiganja, ukitaka itulie, unashika mguu. Usitumie glasi iliyogandishwa.

Ioshe, isuuze mpaka sabuni yote itoke, na uiache ikauke ikiwa imeinamishwa. Baada ya kumimina, viputo vikiganda ubavuni mwa glasi, kuna mafuta au uchafu humo.

Inamisha glasi, mimina taratibu ubavuni, na mwishoni isimamishe ili upate povu la sentimita moja hivi. Povu dogo lisikutie wasiwasi. Alkoholi nyingi hulidhoofisha, na bia hii mara nyingi ina gesi kidogo, hasa ikiwa ya miaka mingi. Chupa nyingi zina mashapo ya hamira chini. Hayana madhara, ila huleta ukungu na ladha ya hamira, kwa hiyo acha kidole kimoja cha bia ndani ya chupa. Kama mko wengi, mimina glasi zote kwa mkupuo mmoja bila kuisimamisha chupa katikati. Kila ukiisimamisha na kuiinamisha tena unayavuruga mashapo.

Hatua ya nne: tazama, lakini usikae sana

Inua glasi mbele ya karatasi nyeupe. Rangi inaweza kuwa dhahabu iliyoiva, shaba, kahawia nyekundu, hata kahawia nzito. Ukungu mwepesi kwenye bia baridi mara nyingi husababishwa na protini zilizoshikana kwa baridi, na utauona ukiyeyuka bia inapopata joto. Ukiizungusha glasi, matone yatashuka polepole ubavuni kama machozi. Hayo yanakuambia kuna alkoholi nyingi, basi. Hayasemi lolote kuhusu ubora. Macho yana mchango mdogo katika bia hii. Twende puani.

Hatua ya tano: nusa mara tatu

Mara ya kwanza nusa mara tu baada ya kumimina, bila kuizungusha glasi. Vuta pumzi fupifupi mbili tatu, kisha ondoa pua. Harufu nyepesi zaidi, zikiwemo za hopsi, hutoka sasa na hazirudi kwa nguvu ileile. Sema au andika neno la kwanza linalokujia hata kama unaona ni la ajabu. Neno la kwanza huwa la kweli kuliko lile utakalolitafuta baadaye ili lifanane na maandishi ya kwenye chupa.

Mara ya pili, funika mdomo wa glasi kwa kiganja, izungushe taratibu, fungua, nusa kwa kina. Hapa ndipo panapohitaji subira. Badala ya kuuliza "ni harufu gani?", jiulize imetoka wapi, kwa kuwa vyanzo viko vichache. Je, ni ya kimea? Basi itakuwa upande wa mkate, biskuti, tofi, karameli, molasi, karanga za kukaanga. Je, ni ya hamira? Hamira hutengeneza harufu za matunda: zabibu kavu, plamu, tini, tende, pengine ndizi mbivu au tufaha. Je, ni ya hopsi? Katika ya Kimarekani ni balungi, ganda la chungwa, utomvu wa msonobari. Katika ya Kiingereza ni majani makavu, udongo, maua, marmaledi. Je, ni ya pipa? Baliwaini iliyokaa kwenye mapipa ya mwaloni yaliyowahi kubeba wiski huja na vanila, nazi na moshi kidogo. Je, ni ya umri? Hapo utapata sheri (divai kali ya Hispania), ngozi, tumbaku, asali. Ukishajua chanzo, jina kamili hufuata lenyewe, na lisipofuata hakuna hasara. "Tunda kavu, jeusi, tamu" ni maelezo yanayotosha.

Pua ikichoka, nusa maji au mkono wa shati lako mwenyewe, pumzika dakika moja, rudi. Mara ya tatu ni baadaye, baada ya kuonja, na watu wengi huisahau.

Alkoholi nayo ina harufu yake. Katika bia iliyochachushwa vizuri utaisikia kama joto lenye utamu, limefungamana na matunda. Ikikupiga puani kwa ukali, mithili ya rangi ya kucha au spiriti, mara nyingi hamira ilifanya kazi kwenye joto la juu kupita kiasi.

Hatua ya sita: onja

Chukua funda dogo, kijiko kimoja cha mezani hivi. Lisambaze mdomoni kote, usilikimbize kooni. Ile ramani ya ulimi inayodai kwamba utamu unahisiwa nchani na uchungu nyuma si kweli. Kila sehemu yenye vionjio inahisi ladha zote. Sababu ya kusambaza ni kuipa bia nafasi ya kupata joto na kugusa kila mahali.

Meza, funga mdomo, kisha toa pumzi polepole kwa puani. Fanya hivi kila funda. Kwa nyuma ya koo kuna njia inayopandisha harufu hadi puani, na sehemu kubwa ya tunachokiita ladha hupita huko. Pumzi hiyo moja hufunua zaidi ya mafunda matatu ya haraka. Ukitaka ushahidi, bana pua kwa vidole, chukua funda, meza, kisha achia pua. Utaisikia karameli ikifika kwa kuchelewa.

Funda la kwanza usilihukumu. Kazi yake ni kuuzoesha mdomo alkoholi, na litakuwa kali hata bia ikiwa ya kiwango cha juu. Kuanzia la pili, fuatilia mwendo. Mwanzoni huja utamu. Katikati matunda na mkate hupanuka. Kisha uchungu unaingia kuufunga mlango. Swali la maana hapa si kama ni tamu au chungu, bali kama hivyo viwili vinasaidiana. Utamu bila uchungu hulemea baada ya funda la nne. Uchungu bila utamu hukwaruza. Baliwaini iliyokaa sawa hukuacha unataka funda jingine ingawa ni nzito.

Hisi pia uzito. Inapaswa kujaa mdomo, iwe laini, karibu na mafuta, bila kunata kama sharubati. Joto la alkoholi lishuke kifuani polepole. Likiwa moto wa kuchoma kooni, ni kasoro, au ni uchanga ambao miaka miwili ya kabati ingeupunguza. Mwisho, ukishameza, kaa kimya na usubiri. Ladha inayobaki ikififia mara moja, bia hiyo ina nguvu lakini haina kina. Iliyo bora hubadilika hata baada ya kumezwa: karameli inaondoka, karanga inabaki, halafu ganda la chungwa.

Hatua ya saba: iache, kisha uirudie

Weka glasi chini. Zungumza, andika, kula kipande cha mkate. Rudi baada ya dakika 20, kisha tena baada ya dakika 40. Hii ndiyo hatua ninayoitetea kuliko zote, maana bia inayopanda kutoka nyuzijoto 10 hadi 18 inapitia sura kadhaa. Ya Kimarekani huanza na hopsi, kisha karameli inajitokeza nyuma yake na kuchukua nafasi. Ya Kiingereza huanza ikiwa imejifunga, tofi tu, halafu matunda makavu yanafunguka moja baada ya jingine. Kuna chupa ambazo mwanzoni zingepewa alama za wastani na zikaishia kuwa za kukumbukwa. Kinyume chake pia hutokea: bia inayofurahisha ikiwa baridi inaweza kuonyesha alkoholi chafu ikipata joto, kwa sababu baridi ilikuwa inaificha.

Andika kila mara uliporudi, mistari miwili inatosha: muda, ulichonusa, ulichoonja, na kama umeipenda zaidi au kidogo kuliko mwanzo. Andika pia jina, mwaka wa chupa na asilimia.

Kasoro, na zile zinazofanana na kasoro

Harufu ya kicheche ni ya mwanga. Jua au taa hugonga viini vichungu vya hopsi na kuzalisha kiini cha salfa chenye uvundo. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Ya kijani na nyeupe huzuia kidogo sana. Siagi nyingi puani inatokana na kiini kinachoitwa diasetili, ambacho hamira ilipaswa kukisafisha na haikumaliza kazi. Siki ina maana bakteria waliingia, na sosi ya soya au supu ya nyama ni dalili ya hamira iliyokufa na kupasuka ndani ya chupa kwa muda mrefu.

Ngumu zaidi ni oksijeni, kwa kuwa hufanya kazi mbili. Ikiingia polepole kwenye bia nzito yenye kimea kingi huleta sheri, lozi, zabibu na asali, na hivyo ndivyo wapenzi wa chupa za zamani wanavyovitafuta. Ikiingia kwa wingi, au kwenye bia isiyo na uzito wa kuihimili, huleta karatasi iliyolowa na boksi la kadibodi. Zote mbili watu huziita bia iliyochakaa, na si haki. Njia ya kuzitenganisha ni kuangalia kilichobaki mdomoni: ya sheri hujaza, ya kadibodi hukausha na kuacha uwazi pale palipokuwa na tunda.

Kuweka chupa kwa miaka

Bia nyingi huharibika kwa kukaa. Baliwaini ni miongoni mwa chache zinazoweza kufaidika, kwa sababu alkoholi, sukari na uchungu huilinda. Kama unaweza, nunua chupa tatu za toleo moja. Moja ionje sasa, ya pili baada ya mwaka, ya tatu baada ya miaka mitatu, na usome maandishi yako ya awali baada ya kuonja, si kabla.

Zisimamishe wima, usizilaze. Mashapo yatatulia chini, na eneo la bia linalogusana na hewa ya shingoni litakuwa dogo. Giza ni lazima. Joto la nyuzi 10 hadi 13 ndilo zuri, lakini lililo muhimu zaidi ni lisipande na kushuka. Joto huharakisha kila badiliko, zuri na baya, na chupa iliyokaa mwaka kwenye kabati la moto inaweza kuzeeka bila kukomaa. Bandika karatasi yenye tarehe uliyoinunua.

Usitegemee kwamba kadiri inavyozeeka ndivyo inavyokuwa bora. Kinachotangulia kuondoka ni harufu ya hopsi, na hairudi. Ukiipenda Bigfoot kwa ule msonobari wake, inywe ingali changa. Kinachofuata ni uchungu kulainika na kingo za alkoholi kupungua, kisha sheri na matunda makavu kuingia. Halafu hufika kilele, na baada ya kilele kushuka. Kilele hicho ni tofauti kwa kila bia, ndiyo sababu ya kuwa na chupa tatu badala ya moja.

Ukibahatika kuwa na miaka tofauti ya bia moja, zionje pamoja, mililita 60 hadi 80 kwa kila glasi, zote katika joto moja. Anza na changa zaidi ukienda kwenye kongwe, kisha rudi kwenye changa. Kule kurudi ndiko kunakofundisha: changa uliyoiona kali mwanzoni utaiona sasa ina uhai, na utajua ni kitu gani hasa miaka imekichukua na ni kipi imekiongeza.

Cha kula nayo

Jibini yenye ukungu wa buluu, Stilton hasa, ndiyo mwenzi wake wa kale, na sijaona anayeizidi. Chumvi ya jibini huinua utamu wa bia, na gesi pamoja na uchungu vinafyeka mafuta ulimini. Jibini ngumu iliyokomaa inafaa pia. Kwa vitamu, chagua kisicho kitamu kuliko bia yenyewe: keki ya karanga, chokoleti nyeusi, kastadi yenye sukari iliyounguzwa juu. Kitamu kikiizidi, bia itageuka kuwa chungu tupu. Ila kula baada ya kuwa umeshaionja peke yake, angalau hadi zile dakika 20.

Chupa ikibaki na bia, ifunge vizuri na uirudishe kwenye friji ikiwa wima, uimalize kesho yake. Gesi itakuwa imepungua, lakini katika bia hii gesi haikuwa na kazi kubwa. Itoe mapema ipate joto kama jana, na uandike mistari miwili mingine.